Kuku Gani wa Kufuga Kwenye Baridi: Mwongozo kwa Nyanda za Juu

"Niko Makete, nifuge kuku gani?" "Sasso ataiweza baridi ya Kinangop?" "Nilileta vifaranga hamsini Njombe wamebaki kumi na wawili, au mbegu haikuwa nzuri?" Maswali haya hayaishi, na ikifika Mei, kipupwe kikiwa mlangoni, yanakuja kwa mafungu.

Jibu la haraka ni hili: kuku mkubwa mwenye manyoya kamili, akilala pakavu pasipopigwa upepo, hauawi na baridi ya Njombe wala ya Limuru. Wanaokufa ni vifaranga walioondolewa kwenye joto kabla ya kuota manyoya, na kuku wakubwa wanaolala kwenye banda lenye unyevu. Mbegu nzuri itakupunguzia kazi, lakini haitafuta makosa hayo mawili.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuku 10 hadi 30 nyuma ya nyumba, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kwenda juu: Njombe, Makete, Mufindi, Uporoto, Kinangop, Limuru, Molo, Kabale na kwingine kunakofanana na huko. Vipimo vyote vya joto ni vya Sentigredi.

Jambo moja kabla ya yote. Maelezo mengi ya kuku wa baridi yameandikwa kwa ajili ya Kanada, kaskazini ya Marekani na Ulaya. Huko theluji inakaa wiki kadhaa na mchana wa Desemba unaweza kuwa wa saa nane tu. Huku kwetu mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mayai yakipungua Julai usikimbilie kulaumu mwanga. Baridi yetu nayo inakuja na ukungu, manyunyu na matope. Kuku anayesifiwa kwenye theluji kavu anaweza kukusumbua sana kwenye tope la Mufindi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua kuku

- Kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Viwili ni bora: kimoja cha banda, kimoja cha bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga).
- Mizani ya kuning'iniza, ya kilo 10.
- Banda lililokwisha kabisa. Hesabu mita 1 ya mraba kwa kuku wakubwa 4. Kuku 24 wanahitaji banda la mita 3 kwa 2.
- Maranda makavu, magunia 5 kwa banda hilo, yaenee kina cha sentimita 10. Penye viwanda vya mbao hayana shida kupatikana. Chukua maranda yaliyopinda kama maganda, usichukue vumbi la msumeno: vifaranga hulila, na likilowa linakuwa uji.
- Chanzo cha joto cha vifaranga: balbu ya joto ya wati 250 inatosha vifaranga 50. Pasipo na umeme wa uhakika, jiko la mkaa na akiba ya mkaa wa wiki mbili mbele.
- Chakula cha kuanzia, kilo 50 kwa vifaranga 30 mpaka wiki ya 6.
- Daftari. Andika joto la asubuhi, vifo, mayai na chakula. Bila daftari utabaki kubahatisha.

Hatua ya 1: Pima baridi yako

Usiseme "huku baridi kali" bila namba. Ning'iniza kipimajoto ndani ya banda tupu, sentimita 30 kutoka sakafuni, ambako ndiko kuku alipo. Soma saa 12 asubuhi, siku saba mfululizo, katika mwezi wa baridi kama unaweza kusubiri.

Ikiwa namba haishuki chini ya 10, karibu kuku yeyote atakufaa, nenda moja kwa moja hatua ya 2. Kati ya 5 na 10, mbegu na umri wa kununua vinaanza kuwa na maana. Chini ya 5, na nje unakuta sakitu (umande ulioganda) kwenye majani kama ilivyo Kitulo kipupwe kikikolea, au Kinangop usiku usio na mawingu wa Januari na Februari, fuata mwongozo huu mstari kwa mstari.

Asubuhi hizo hizo tazama bati kwa ndani, na ulitazame tena kuku wakishaingia. Likitoka jasho, unyevu hauna pa kutokea. Utalirekebisha hatua ya 7, lakini ujue mapema kwamba hilo ni tatizo kubwa kuliko namba ya kipimajoto.

Hatua ya 2: Amua unataka nini kwa kuku hao

Mayai ya kuuza, nyama, au vyote kidogo kidogo? Na je, unataka kundi lijizalishe lenyewe, au uko tayari kununua vifaranga kila baada ya mwaka na nusu? Swali hilo la pili ndilo watu wanaliruka, kisha linawarudia. Kuku chotara wa kisasa wanakua haraka, ila hawaatamii, na watoto wao hawafanani na wazazi.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma mwili wa kuku

Jina la mbegu linaweza kuwa la uongo, na sokoni mara nyingi ni la uongo. Mwili haudanganyi. Angalia mambo manne.

*Upanga* (wengine huita undu) na ndevu. Hapo damu inapita bila kufunikwa na manyoya, kwa hiyo joto linapotea hapo, na sakitu ikiwa kali ncha zinaganda. Upanga mrefu uliosimama wenye meno kama msumeno ndio dhaifu. Upanga mdogo uliolala na kubana kichwa, au ulio bapa wenye vinundu, ndio wa baridi. Kwa joto la 5 na zaidi usimkatae kuku mzuri kwa sababu ya upanga peke yake.

*Manyoya.* Mgeuze kuku, puliza kifuani. Manyoya yafunguke na chini yake uone tabaka zito la manyoya laini ya kijivu au meupe. Ukiona ngozi mara moja, huyo ni wa pwani.

*Uzito.* Mwili mkubwa hupoa polepole kuliko mdogo. Mtetea aliyekomaa awe na kilo 2 na nusu au zaidi. Chini ya kilo 1 na nusu atatumia chakula kingi kujipasha joto na kitakachobaki cha kutengeneza yai ni kidogo.

*Miguu.* Hapa ndipo maelezo ya kutoka nje yanapotupoteza. Wanasifia miguu yenye manyoya mpaka vidoleni, kwamba inakinga baridi. Kwenye theluji kavu, sawa. Kwenye tope, manyoya hayo yanashika udongo, yanakauka kama zege ndogo vidoleni, yanaingiza unyevu bandani, na utitiri wa miguuni unapata maficho. Miguu mitupu na safi inatosha.

Ukitaka kuona sura hiyo ikitengenezwa makusudi, mfano ni kuku wa Kanada anayeitwa Chantecler. Mtawa Wilfrid Châtelain wa abasia ya Oka, Quebec, alianza kumchanganya mwaka 1908 akamtambulisha 1918: upanga mdogo kama kitufe, ndevu karibu hazipo, mwili mzito, miguu mitupu. Huku kwetu usijisumbue kumtafuta. Nakili sura yake kwa kuku waliopo.

Hatua ya 4: Chagua mbegu

*Black Australorp.* Kwa anayeanza, huyu ndiye wa kwanza kumfikiria. Nyanda za Juu Kusini wengi humwita "kuku wa Malawi". Mtetea hufika kilo 2.9 hivi, jogoo 3.9, manyoya ni mengi na yamebana, mweusi anayeng'aa kijani akipigwa jua. Mayai ya kahawia, na kwa malezi ya nyumbani tarajia 180 hadi 220 kwa mwaka. Huko Australia mwaka 1922 na 1923 kuku sita wa aina hii walitaga wastani wa mayai 309.5 kila mmoja kwa siku 365. Usipigie hesabu ya biashara yako namba hiyo. Upanga wake umesimama, hiyo ndiyo kasoro. Angalizo: wengi wanaouzwa kwa jina la Malawi ni machotara. Ukiona kundi "la Malawi" lina wekundu na wenye madoadoa ndani yake, lipa bei ya chotara.

*Rhode Island Red na Plymouth Rock.* Wote wa Marekani, wote wa nyama na mayai. Mwekundu anamzidi mwenzake mayai kidogo na ni mkorofi kwa wenzake. Plymouth Rock mwenye milia ya kijivu na mweupe ni mzito zaidi (mtetea kilo 3.4) na mpole, ila majogoo wake wachanga huchelewa kuota manyoya, waongezee wiki moja ya joto.

*Sussex mweupe mwenye shingo nyeusi.* Anafanana kazi na Plymouth Rock. Ukimpata mzuri, mchukue.

*Wyandotte.* Kwa sura peke yake huyu angeshika nafasi ya kwanza: upanga bapa wenye vinundu, manyoya ya kujaa, kilo 2.9. Shida ni upatikanaji na bei, kwa kuwa wengi wanaofugwa huku ni wa urembo. Wazo zuri ni kununua jogoo mmoja tu wa Wyandotte na kumweka na mitetea ya Australorp. Upanga wa vinundu una nguvu ya kurithiwa, na vifaranga wengi watatoka na upanga mfupi.

*Orpington na Brahma.* Wakubwa, wapole, baridi hawaijali. Orpington huatamia mno, yaani anaacha kutaga ili alalie. Brahma anafika kilo 4 na ushee, lakini anachukua miezi 7 au zaidi kuanza kutaga na miguu yake ina manyoya. Kama ua wako una sakafu ya changarawe au saruji, sawa. Kama ni tope, achana naye.

*Kuroiler, Sasso, Kenbro na kienyeji walioboreshwa wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya).* Ndio wanaopatikana kwa urahisi, wanakua haraka, na wakishaota manyoya wanaishi vizuri tu kwenye baridi. Kuroiler asili yake India, Sasso Ufaransa. Wanahitaji chakula kingi, na ukiwaachia wajitafutie tu, baridi itakula faida yote. Sasso kagua shingo: kuna koo za Sasso zenye shingo isiyo na manyoya, na katika boksi moja unaweza kuwakuta wa namna zote mbili. Tenga wenye shingo tupu wawe wa nyama, wachinjwe kabla ya Juni.

*Kienyeji wa hapo hapo kijijini.* Wamezaliwa kwenye baridi hiyo na waliokuwa dhaifu walishakufa zamani. Mayai 40 hadi 60 kwa mwaka si ya biashara, lakini nunua mitetea miwili hata kama mbegu yako kuu ni nyingine. Mtetea wa kienyeji mwenye mwili mzuri anafunika vifaranga 10 hadi 12, hadai umeme wala mkaa, na anajua mwenyewe lini awaruhusu watoke. Hakuna bruda inayomshinda.

*Kuku wa mayai wa kisasa*, wale wekundu wa biashara. Wanaweza baridi ya nyuzi 5 kama banda ni kavu na chakula ni kamili. Kosa dogo la chakula wanalionyesha ndani ya siku tatu.

Wa kuwaepuka: *kishingo*, yaani kuku wa shingo tupu (jeni hilo linaweza kupunguza manyoya ya mwili mzima hadi asilimia 40, si ya shingo tu), *kidimu*, ambaye manyoya yamejikunja nje na upepo unaingia mpaka ngozini, *Silkie*, manyoya yake ni kama pamba na hayazuii maji, *Leghorn* mweupe, mwepesi na mwenye upanga mkubwa. Kuchi wa miguu mirefu ana upanga mdogo mzuri, lakini manyoya yake ni machache na yamebana. Mpende kwa sababu nyingine, si kwa baridi.

Hatua ya 5: Amua umri wa kununua

Wengi huteleza hapa kuliko popote pengine. Ukiwa eneo la chini ya nyuzi 5 na hujawahi kulea vifaranga, nunua kuku wa wiki 8 hadi 10. Bei iko juu, lakini vifo vichache tu vinaweza kufuta nafuu yote ya kifaranga wa siku moja.

Mtego ni "kifaranga wa mwezi mmoja". Anaonekana mkubwa, mbawa zimeota, muuzaji anasema hahitaji joto tena. Ni kweli, kwa Dar es Salaam. Alilala kwenye nyuzi 25, sasa yuko kwenye tenga juu ya keria ya basi usiku kucha, anashuka Njombe alfajiri kwenye nyuzi 6. Mnyanyue bawa utazame chini yake, kisha tazama mgongo karibu na mkia: sehemu hizo mbili huchelewa kuota. Zikiwa bado za manyoya ya utotoni, anahitaji joto, hata akiwa na wiki tano.

Ukiagiza kutoka mbali, agiza wafike mchana, wasafiri ndani ya gari, na msimu mzuri ni Septemba au Oktoba. Wakishaota manyoya mvua kubwa ndiyo inaanza, na kipupwe kinawakuta watu wazima.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

1. Fika bila kusubiriwa ikiwezekana, asubuhi. Wakati huo kuku mgonjwa amejikunyata pembeni.
2. Pima kwa mizani kuku watano bila kuchagua. Wakipishana sana uzito, kundi lina ugonjwa au limechanganywa umri.
3. Papasa mfupa wa kidari. Ukichoma kama kisu, kuku amekonda.
4. Mweke kuku sikioni. Pumzi iwe kimya. Ukisikia mkoromo au mlio kama wa maji, usinunue hata mmoja wa banda lile.
5. Tazama sehemu ya kutolea haja: iwe kavu na safi.
6. Uliza chanjo zilizotolewa na tarehe zake, uandike. Kideri hurudiwa kila miezi mitatu, na baridi haipunguzi hatari yake.
7. Nyumbani, watenge wageni siku 14 kabla ya kuwachanganya na wenyeji.

Hatua ya 7: Banda kavu, si banda lililofungwa

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuziba kila tundu kwa viroba na turubai "ili wasipate baridi". Kuku anapumua na kujisaidia usiku kucha, unyevu unapanda, unagonga bati baridi, unarudi kama matone mgongoni mwake. Kuku mkavu kwenye nyuzi 3 ana nafuu kuliko kuku aliyelowa kwenye nyuzi 9.

Fanya hivi: ukuta wa upande wa upepo uzibwe kabisa kutoka sakafuni hadi mita 1 na zaidi, mabanzi yapigwe yakibanana. Chini ya paa, pande zote mbili ndefu, acha nafasi ya sentimita 15 yenye wavu, isiyofungwa usiku wala mchana. Hewa ipite juu ya vichwa, isipite juu ya migongo. Upenu utoke nusu mita ili mvua ya upepo isiingie.

Fito za kulalia ziwe mbao za upana wa sentimita 10 zilizolazwa bapa, ili kuku akikaa tumbo lifunike vidole. Kila mmoja apewe sentimita 25, na ufito usipite juu ya nusu mita kwa kuku wazito, wanaumia wakiruka. Usitumie bomba la chuma.

Kipimo cha maranda: chota konzi moja, bana, fungua. Yakisambaratika, sawa. Yakibaki donge, yatoe sehemu hiyo leo hii. Kipimo cha hewa: chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku, ukae dakika moja. Macho yakiwasha, na wao yanawasha.

Hatua ya 8: Vifaranga na joto

Tengeneza duara la karatasi ngumu au bati, kipenyo mita 1 na nusu, kimo sentimita 45, kwa vifaranga 50. Washa joto saa 24 kabla hawajafika, maana maranda baridi yanafyonza joto la tumbo la kifaranga. Balbu ianzie sentimita 45 juu ya maranda, ipandishwe kidogo kila wiki.

Joto usawa wa mgongo wa kifaranga, pembezoni mwa mwanga:

- Wiki ya 1: nyuzi 33 hadi 35
- Wiki ya 2: 30
- Wiki ya 3: 27
- Wiki ya 4: 24
- Wiki ya 5: 21
- Wiki ya 6: zima mchana, washa usiku

Penye sakitu, endelea kuwasha usiku mpaka wiki ya 7 au ya 8. Vitabu vya pwani vinasema wiki nne. Usivifuate.

Onyo kuhusu mkaa. Mkaa hata ukishaiva ukawa mwekundu bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Dalili yake ni vifaranga waliokufa wametulia, katikati ya bruda yenye joto zuri, bila alama yoyote. Koleza jiko nje mpaka moshi uishe, funika kwa chungu kilichotobolewa, zungushia tofali wasiguse, na nafasi ya hewa ya juu iwe wazi. Usilale chumba kimoja nao.

Hatua ya 9: Chakula cha msimu wa baridi

Mtetea anayetaga anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Kipupwe kikibana ongeza sehemu moja ya kumi. Saa moja kabla ya kuingia bandani wape mahindi makavu ya punje, konzi moja ya mtu mzima kwa kuku watatu. Punje husagwa polepole kwenye firigisi na kuwapa joto la usiku. Zaidi ya hapo wananenepa na kuacha kutaga.

Maji yabadilishwe asubuhi. Kwa vifaranga yawe vuguvugu. Chombo kiwekwe juu ya tofali ndani ya sinia la changarawe, kisilowanishe maranda.

Hatua ya 10: Kizazi cha pili

Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10, na nusu ya kila kifaranga inatoka kwake, kwa hiyo uchague jogoo kwa ukali kuliko mtetea. Shingo tupu na manyoya ya kidimu hurithiwa hata mzazi mmoja tu akiwa nayo: jogoo kishingo mmoja anaweza kukupa nusu ya vifaranga au wote wakiwa hivyo. Weka alama ya rangi mguuni kwa mitetea iliyoendelea kutaga Juni na Julai, na uatamize mayai ya hiyo tu. Badilisha jogoo kila baada ya miaka miwili kwa mtu wa mbali, asiendelee kupanda binti zake. Kwa Kuroiler na Sasso usihangaike na hatua hii, nunua wapya.

Mambo yakienda kombo

*Vifaranga wanarundikana kona moja.* Wakirundikana chini ya balbu, joto halitoshi. Wakirundikana upande mmoja mbali na balbu, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Washa njiti ya kiberiti, izime, ufuate moshi. Wakijitenga pembeni wote wamefunua midomo, joto limezidi.

*Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 wanahara damu.* Hiyo ni koksidiosisi, na maranda yaliyolowa ndiyo yanayoikuza. Dawa yenye amproliamu kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, na siku hiyo hiyo toa maranda yote. Dawa bila kubadilisha maranda inakuwa gharama ya kila mwezi.

*Ncha za upanga zimekuwa nyeusi.* Ikitokea asubuhi baada ya sakitu, kwenye ncha tu, kuku akiwa mchangamfu, zimeganda. Usisugue, usimweke motoni; acha zidondoke zenyewe, kisha fungua hewa ya juu ya banda. Mafuta ya mgando hayatibu unyevu. Vikiwa vipele vyenye magamba vilivyotawanyika mpaka usoni, hiyo ni ndui. Upanga mzima ukiwa wa zambarau na kuku amezubaa, mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo.

*Wanakoroma usiku.* Ingia na tochi saa mbili usiku wakiwa kimya, usikilize. Mmoja au wawili, rekebisha hewa na maranda kwanza. Nusu ya banda, macho yamevimba na pua inatoka ute wenye harufu mbaya, ni mafua ya kuku, yanahitaji dawa ya antibiotiki kwa maelekezo ya daktari.

*Mayai yamepungua Julai.* Pima chakula wanachokula kwa siku tatu. Kisha tazama kama wanabadilisha manyoya; anayefanya hivyo hatagi kwa wiki 8 hivi. Kisha chunguza usiku, kwa tochi, chini ya fito: vijidudu vyekundu vidogo kama pilipili iliyosagwa ni utitiri, wananyonya damu gizani na mchana huwaoni.

*Magamba ya miguu yamenyanyuka na kuota unga mweupe.* Utitiri wa miguuni. Loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni dakika tano, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, paka mafuta ya mgando mazito. Rudia kila wiki, mara nne, na ufito wanaolalia upakwe pia kwenye nyufa.